Kutoka Kabati la Dawa hadi Kaunta ya Baa

Mteja akiagiza "dawa" katika baa ya Nairobi, haletewi vidonge. Huletewa vodka yenye vipande vya ndimu na barafu, pamoja na kijiti kilichopakwa asali cha kukorogea. Jina hilo ni utani, na kila mnywaji anajua. Ulaya, kwa karne kadhaa, halikuwa utani hata kidogo. Likeri za mitishamba zilitungwa na watawa na wauza dawa, zikanywewa kwa matone na vijiko, na zilikaa sana kwenye kabati la dawa kabla hazijafika kaunta ya baa.

Chanzo chake ni ufundi wa kukeneka, yaani kuchemsha kimiminika, kuunasa mvuke wake na kuupoza mpaka urudi kuwa maji. Wanazuoni wa ulimwengu wa Kiislamu waliuendeleza sana ufundi huo. Al-Kindi, wa karne ya 9, aliutumia kutengenezea manukato. Neno alkoholi lenyewe limetoka katika al-kuhl ya Kiarabu, wanja ule ule wa machoni. Kufikia karne ya 12, mabingwa wa tiba wa Salerno, Italia, walikuwa wakikeneka mvinyo na kupata kimiminika kikali kilichoshika moto. Baadaye kikapewa jina la Kilatini, aqua vitae, maji ya uhai.

Kwa tabibu, maji hayo yalikuwa hazina. Maji ya kawaida hayayeyushi vizuri mafuta na utomvu wa mimea, tena mchemsho wa majani huchacha baada ya siku chache. Mizizi na magome yakirowekwa katika pombe kali, hutoa harufu, ladha na uchungu wake, na dawa hukaa miaka bila kuoza. Tatizo likabaki moja: haikunyweka. Hapo sukari, ambayo nayo iliuzwa na wauza dawa kwa bei ya juu, ikaingia chupani.

Likeri hizo zina matawi matatu. La kwanza ni la utamu, na mfano wake mashuhuri ni Chartreuse. Mwaka 1605, Jemadari François-Annibal d'Estrées aliwakabidhi watawa wa Kikartusi wa Paris hati yenye maelekezo ya dawa ya kuongeza uhai. Hati hiyo ilikuwa ngumu kiasi kwamba ilikaa zaidi ya karne moja bila kufanyiwa kazi kikamilifu. Mwaka 1737, katika monasteri yao kuu kwenye milima karibu na Grenoble, Bruda Jérôme Maubec aliikamilisha. Eliksiri iliyopatikana huuzwa mpaka leo ikiwa na kilevi cha asilimia 69, na wengi huidondoshea juu ya kipande cha sukari.

Watu wa Grenoble waliinywa hata bila kuugua. Watawa wakaelewa, na mwaka 1840 wakatoa toleo jepesi zaidi, Chartreuse ya kijani yenye asilimia 55. Ukijani wake hutokana na mimea yenyewe, ambayo watawa wanasema ni 130. Mwaka 1903 serikali ya Ufaransa iliwafukuza nchini na kutaifisha mali yao, wao wakaenda kuitengeneza Tarragona, Hispania. Walioshika jina la biashara Ufaransa walikosa kitu kimoja tu, nacho ni siri ya mchanganyiko. Biashara yao ikafilisika.

Si kila hadithi ya mtawa inaaminika hivyo. Bénédictine, likeri tamu yenye mimea na viungo 27, inahusishwa na mtawa wa mwaka 1510, lakini aliyeitengeneza na kuiuza ni mfanyabiashara Alexandre Le Grand wa Fécamp, mwaka 1863. Alijua kwamba kanzu ya mtawa inauza.

Tawi la pili ni la uchungu. Waitalia huliita amaro, neno lenye maana ya "chungu". Humo hutawala jentiani, mmea wa milimani wenye mzizi mchungu wa kushindana na mwarobaini, pamoja na gome la mkwinini, mti unaolimwa pia Kivu. Fernet-Branca, iliyoanzishwa Milano na Bernardino Branca mwaka 1845, ina shubiri, manemane na zafarani. Marekani ilipopiga marufuku pombe miaka ya 1920, Fernet iliendelea kuuzwa katika maduka ya dawa. Waargentina nao huichanganya na Coca-Cola, na hakuna anayesingizia tumbo.

Tawi la tatu limekaa katikati ya utamu na uchungu, likinukia karafuu, iliki, mdalasini na tangawizi, vitu ambavyo mpishi wa Unguja hatoki nje ya jiko lake kuvipata. Becherovka ilitokana na duka la Josef Becher huko Karlovy Vary, mji wa chemchemi za tiba, mwaka 1807. Jägermeister, yenye mimea 56, iliingia sokoni Ujerumani mwaka 1935.

Sheria ya Umoja wa Ulaya leo haiulizi habari za tiba. Kwa kawaida, kinywaji kikiitwa likeri kinatakiwa kiwe na kilevi cha asilimia 15 au zaidi na angalau gramu 100 za sukari kwa lita; likeri ya jentiani imeruhusiwa gramu 80.

Hata hivyo, dalili za duka la dawa hazijafutika zote. Huko Rheinberg, Ujerumani, familia ya Underberg imekuwa ikitengeneza kinywaji chao kichungu tangu mwaka 1846. Huuzwa katika vichupa vya mililita 20, kila kimoja kimeviringishwa karatasi ya kahawia. Mjerumani aliyeshiba nyama ya nguruwe hufungua kimoja, hukimimina kooni mara moja, hukunja uso, kisha hukirudisha mezani kikiwa kitupu.