“Dozi”, “usugu” na “kupona”: maneno ya kidonge cha kila siku katika saratani ya mapafu

Msamiati wa vidonge katika Kiswahili cha leo umekomaa zaidi katika mazingira ya maradhi matatu: malaria, kifua kikuu na UKIMWI. Maradhi hayo ndiyo yaliyowazoesha wasemaji “kumaliza dozi”, kuogopa “usugu” na kutangaza kwamba fulani “amepona”. Sasa maneno yaleyale yanaitwa kumhudumia mgonjwa wa namna nyingine: mtu mwenye saratani ya mapafu iliyosambaa ambaye, badala ya kutundikiwa dripu za tibakemikali, hupewa kidonge cha kumeza nyumbani. Gefitinibu ni miligramu 250, erlotinibu 150, osimertinibu 80. Zote humezwa mara moja kwa siku. Maelekezo yake hujaa katika mstari mmoja, na kwa sababu hiyo mfasiri aweza kudhani kuwa kazi yake nayo ni ya mstari mmoja. Sivyo. Karibu kila neno katika mstari huo limekwisha kutumika kwa ugonjwa mwingine, na mgonjwa hulisikia kwa maana ile ya awali.

Jina la tiba yenyewe lina kasoro ya kisarufi. Inapoandikwa “tiba lengwa”, muundo wake hufuata ruwaza ambayo wanafunzi wa tafsiri wanaijua vizuri: “lugha lengwa”, “hadhira lengwa”, “soko lengwa”. Katika mifano hiyo yote, kiambishi cha kutendwa -w- huonyesha kitu kinacholengwa: tafsiri inailenga lugha, mwandishi anailenga hadhira. Kwa kanuni hiyo “tiba lengwa” ni tiba ambayo kitu kingine kinailenga, hali inayokusudiwa ni kinyume chake, yaani tiba inayolenga. Matumizi ya “walengwa” katika miradi ya maendeleo, kwa maana ya wanufaika, huzidisha utata. Neno hilo likikwisha kukubalika katika istilahi rasmi halitafutika kwa hoja ya sarufi peke yake; lakini katika maandishi yanayomfikia mgonjwa, “dawa inayolenga” ni sahihi zaidi na haihitaji kufafanuliwa mara mbili.

Inalenga nini, basi? Katika saratani nyingi za mapafu zinazotibiwa hivi, shabaha ni protini iitwayo EGFR, iliyo juu ya seli na ambayo kazi yake ni kupokea ishara ya kukua. Jeni inayoitengeneza ikibadilika kwa namna fulani, protini hiyo hubaki imewashwa hata pasipo ishara, na seli hugawanyika bila kikomo. Kidonge huziba sehemu ya protini hiyo iliyo ndani ya seli na kuizima. Dawa za kundi hili hufaa pale tu ambapo kipimo cha uvimbe kimeonyesha badiliko husika, na ndiyo maana jirani mwenye “saratani hiyohiyo ya mapafu” aweza kunyimwa kidonge hicho bila kuonewa. Tena neno “kulenga” lisimfanye mtu aamini kwamba risasi haigusi kingine. Ngozi na utumbo navyo hutumia EGFR; kwa hiyo vipele, ngozi kukauka, kuharisha na vidonda pembeni mwa kucha ni madhara yanayotarajiwa. Kikohozi kipya au kupumua kwa shida kunakoanza ghafla ni jambo jingine: hilo hupaswa kuripotiwa hospitali mara moja, kwa kuwa dawa hizi zaweza, japo kwa nadra, kuyavimbisha mapafu yenyewe.

Kabla ya kidonge huja kipimo, na hapo lugha hutega mtego wake wa kwanza kwa familia. “Vinasaba” limejengwa juu ya “nasaba”, yaani ukoo. Na wengi wamelizoea neno hilo katika habari za kumtambua baba wa mtoto. Mgonjwa akiambiwa kuwa ana “badiliko la vinasaba”, watoto wake husikia hukumu juu yao wenyewe. Aidha “chembe za urithi”, tafsiri ya zamani ya jeni, inautaja urithi waziwazi. Kumbe badiliko linalotafutwa, kwa kawaida, limetokea ndani ya seli za uvimbe katika maisha ya mgonjwa. Hakulipokea kwa wazazi wala hawapi wanawe. “Badiliko la jeni ndani ya uvimbe” ni refu kidogo, lakini maneno “ndani ya uvimbe” yasikatwe kwa ajili ya kubana nafasi.

Neno lenye hatari kubwa kuliko yote ni lile linaloonekana jepesi: “dozi”. Katika lugha lilikotoka, neno hilo ni kiasi cha dawa cha mara moja. Katika Kiswahili limepanuka hadi kumaanisha matibabu yote tangu kidonge cha kwanza hadi cha mwisho. Mtu mzima anayetumia dawa mseto ya malaria “amemaliza dozi” akifikisha vidonge 24 katika siku tatu. Wa kifua kikuu cha kawaida, baada ya miezi sita. Dozi, kwa maana hiyo, ni kitu chenye mwisho, na kuufikia mwisho ni jambo la kupongezwa. Kidonge cha saratani ya mapafu iliyosambaa hakina mwisho uliopangwa. Humezwa maadamu kinafanya kazi na mwili unakivumilia. Mgonjwa ambaye kikohozi kimetulia na kopo limekwisha aweza kuacha kwa moyo mkunjufu kabisa, akiamini ametii alichofundishwa tangu utotoni: amemaliza dozi. Hakuna ukaidi hapo, wala ujinga. Lugha ndiyo iliyomwambia hivyo.

Utata huohuo hutokea katika maelekezo madogo. “Ukisahau dozi” humwacha msomaji akijiuliza ni dozi ipi. “Ukisahau kidonge cha siku hiyo” haliachi shaka, na likifuatwa na “usimeze viwili kufidia kimoja” linatosha. “Kupunguziwa dozi” nako hueleweka vibaya. Daktari anapomtoa mgonjwa kwenye osimertinibu ya miligramu 80 hadi ya 40 kwa sababu ya madhara, familia yaweza kufurahi kwamba safari inakaribia kwisha. Hapo iandikwe “kidonge chenye nguvu ndogo zaidi”, na itajwe sababu.

Kifua kikuu hakikutajwa hapa kwa mfano tu. Dalili zake na za saratani ya mapafu hufanana, na wapo wanaotibiwa cha kwanza kabla ya la pili kugunduliwa. Aliye na yote mawili amweleze daktari kila dawa anayomeza, kwa sababu rifampisini huufanya mwili uziondoe haraka dawa hizi za saratani na kuzidhoofisha.

“Usugu” ni mzigo wa namna nyingine, kwani hubeba lawama. Sugu, kwa asili, ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa na kazi. Kutoka hapo tukapata “ugonjwa sugu”, ule usioisha, na “mhalifu sugu”, asiyesikia adhabu. Kampeni za afya zikalipa neno “usugu” kisa chake: mgonjwa hakumaliza dawa, vimelea vikazizoea. Kwa hiyo mtu anayeambiwa kuwa saratani yake “imejenga usugu” huanza kuhesabu vidonge alivyochelewesha, na walio karibu naye huhesabu pamoja naye. Katika saratani hii ukweli ni mwingine. Usugu hutokea hata kwa asiyekosa kidonge hata kimoja, maana miongoni mwa mabilioni ya seli zimo zinazobadilika tena na kuiponyoka dawa. Katika nusu hivi ya wagonjwa waliotumia gefitinibu au erlotinibu, sababu huwa badiliko moja la ziada liitwalo T790M. Na osimertinibu ilipoidhinishwa Marekani Novemba 2015, iliidhinishwa kwanza kwa ajili ya wagonjwa wa kundi hilo. Hakuna haja ya kulikwepa neno “usugu” katika makala ya kitaalamu. Mbele ya mgonjwa, “saratani imebadilika, dawa hii imeacha kuizuia” husema jambo lilelile pasipo kumshtaki. Na isiandikwe kamwe kwamba “mgonjwa ameshindwa dawa”. Aliyeshindwa hapo ni dawa.

Jozi moja ya maneno yafaa kuwekwa ukutani katika kila darasa la tafsiri ya kitabibu: “maendeleo ya mgonjwa” na “maendeleo ya ugonjwa”. Herufi moja hutenganisha habari njema na habari mbaya. Kwa kuwa “maendeleo” limekolea maana ya ustawi, ripoti inayosema kuna “maendeleo” kwenye picha ya kifua yaweza kupokewa kwa shukrani. Vivyo hivyo “saratani iliyoendelea” huleta mwangwi wa “nchi zilizoendelea”. “Ugonjwa umeongezeka” na “saratani iliyosambaa” ni salama zaidi, ingawa la pili litumike pale tu ambapo kweli imevuka mahali ilipoanzia.

Linabaki swali ambalo mgonjwa huuliza mapema kuliko yote: nitapona? Kiswahili kina “kutibu”, la asili ya Kiarabu, na “kuponya”, la asili ya Kibantu, na kamusi huyatenga vizuri: la kwanza ni juhudi, la pili ni matokeo. Matumizi hayakuheshimu mpaka huo. “Saratani inatibika ikigunduliwa mapema” ni ujumbe wa hadhara unaoeleweka na kila mtu kuwa saratani inapona. Ndiyo maana tafsiri ya neno kwa neno, “inatibika lakini haiponyeki”, hugonga masikioni kama sentensi inayojikana. Hata kihusishi “ya” hushiriki: dawa ya mbu huua mbu, dawa ya panya huua panya, basi “dawa ya saratani” nayo itafanyaje?

Wafasiri wa habari za UKIMWI walilitatua tatizo hili kwa kitenzi “kufubaza”: dawa za kufubaza virusi haziahidi kuviondoa. Ni neno zuri, ila halihamishiki kirahisi, kwa kuwa limekwisha kuwa jina la ugonjwa mmoja na unyanyapaa wake, na tena anayefubaza virusi kwa uaminifu hutarajia kuishi hivyo miongo mingi, tarajio ambalo kidonge cha saratani hakiwezi kulidhamini. “Kudhibiti” na “kuzuia” hufaa zaidi. Katika sentensi kamili: kidonge hiki hakitauondoa ugonjwa wote mwilini, lakini chaweza kuuzuia usikue kwa muda, kwa wengine miezi, kwa wengine miaka. Sentensi hiyo ni ndefu kuliko “inatibika”, na mgonjwa ana haki ya urefu wake.

Kuhusu saa, “kutwa mara moja” la madirisha ya dawa hueleweka, japo “kutwa” kwa asili ni mchana mzima hadi jua kuzama. Panapohitajika saa maalumu, tarakimu tupu zisitumike: 8:00 ya simu ni saa 2 asubuhi ya mgonjwa, na huenda akaisoma kuwa saa 8 mchana. Kwa erlotinibu kosa hilo lina uzito, kwani humezwa tumbo likiwa tupu, angalau saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Osimertinibu haijali chakula.

Tena asiyeweza kumeza osimertinibu nzima huruhusiwa kuiweka katika mililita 60 za maji yasiyo na gesi na kukoroga. Wafasiri huvutwa na “hadi kiyeyuke”. Kidonge hicho hakiyeyuki. Hutawanyika kuwa vipande vidogo, na hunyweka hapohapo, kisha kikombe husuuzwa kwa maji mengine na maji hayo nayo hunywewa, ili chembe zilizobaki zisimwagwe.