Matone ya puani baada ya kuumia kichwa

Mtu ameanguka na bodaboda Barabara ya Digo, Mombasa, amelazwa, amerudi nyumbani Mji wa Kale. Siku ya pili anainama kuvaa viatu na tundu moja la pua linadondosha maji meupe, mepesi, na kooni anahisi chumvi. Nyumbani wanasema mafua. Huenda ni maji ya ubongo.

Ubongo umefunikwa na utando mgumu, na ndani yake mna maji kiasi cha mililita 150 kwa mtu mzima. Mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku, kwa hiyo kinachotutisha si maji kuisha. Ajali ikipasua fuvu na utando huo, palipotokea maji ndipo vijidudu vya puani hupandia, vikaleta homa ya uti wa mgongo, nayo huweza kuua kwa siku chache.

Nyufa nyingi za ajali huziba zenyewe kwa wiki moja hivi, mgonjwa akipumzika na kichwa kikiwa juu kidogo. Zisipoziba, hutiwa kiraka. Mwaka 1926 daktari Walter Dandy wa Marekani alifungua fuvu kufanya hivyo. Leo ufa ulio juu ya pua aghalabu huzibwa kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani, na kiraka hutolewa kwa mgonjwa mwenyewe: utando mweupe wa msuli wa paja, au mafuta kidogo ya tumboni. Kiraka hicho ni kama jukwaa la mafundi: chembe hai hutambaa juu yake kutoka kingo za jeraha na kusuka nyuzi mpya. Kwa madaktari waliozoea kazi hii, wagonjwa tisa hivi kati ya kumi hupona kwa upasuaji wa kwanza.

Lakini kiraka kibichi hung'oka. Mgonjwa huambiwa asipenge kamasi, apige chafya mdomo wazi, asijikamue chooni. Kwa mji wetu hayo hayatoshi. Sala tano zina rakaa 17, yaani sijida 34 kwa siku, na kila sijida huongeza mgandamizo kichwani. Kabla yake kuna udhu, na maji yanayovutwa puani. Mgonjwa mcha Mungu hataacha asipoambiwa, na naona ni wajibu wetu waganga kumwambia waziwazi kabla hajatoka wodini. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi hapa pwani, kupandisha maji puani ni sunna. Udhu husihi bila hayo. Asiyeweza kusujudu huswali kwa ishara. Sheikh wa mtaa atalithibitisha hilo kwa dakika mbili.

Matone yakionekana, usizibe pua kwa pamba. Yakinge kwenye kichupa safi, uende hospitali siku hiyohiyo. Kisiwani hapa, Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ambayo wengi twaiita Makadara. Kukiwa na homa, shingo kukakamaa au usingizi usio wa kawaida, msingoje asubuhi.