Nchi Ziko Mtandaoni, Kwenye Ramani Hazipo

Mtu akitafuta kwenye simu jina la nchi asiyoifahamu, huenda akakuta ukurasa wenye bendera, wimbo wa taifa, orodha ya mawaziri na hata sarafu. Ukurasa huo unafanana sana na wa Wikipedia. Lakini "nchi" yenyewe pengine ni uwanja wa nyumba ya mtu, au chumba cha kulala cha kijana wa shule.

Hivyo ndivyo vijinchi: nchi ambazo watu wamejitangazia wenyewe bila kutambuliwa na serikali yoyote. Talossa ilianzia mwaka 1979 katika chumba cha kijana wa miaka 14 mjini Milwaukee, Marekani. Molossia, iliyoko Nevada, ina ekari chache tu, na thamani ya sarafu yake imefungwa na unga wa biskuti uliokandwa. Kwa wengi huu ni mchezo, na wanaucheza kwa bidii.

Wapenzi wa mchezo huo wana ensaiklopidia zao. Inayojulikana zaidi ni MicroWiki, iliyoanzishwa mwaka 2005. Hutumia programu ileile inayoendesha Wikipedia, ndiyo maana sura zao zinafanana. Tofauti iko kwenye ushahidi. Wikipedia hutaka habari zithibitishwe na vyanzo visivyohusika, kama magazeti na vitabu, na kijinchi kisichoandikwa popote hukosa nafasi humo. Kwenye ensaiklopidia ya vijinchi, mara nyingi "rais" ndiye anayeandika historia ya nchi yake, vita vyake na ushindi wake. Hakuna ubaya hapo. Vijana hujifunza kuandika katiba na kubuni bendera.

Ubaya huja pale mtu anapoutoa mchezo huo nje ili apate pesa. Julai 2025, polisi mjini Ghaziabad nchini India walimkamata mwanamume aliyedaiwa kuendesha ubalozi bandia katika nyumba ya kukodi. Kulikuwa na magari ya kifahari yenye nambari za kibalozi, na moja ya "nchi" alizodai kuziwakilisha ilikuwa Westarctica, kijinchi kilichoanzishwa mwaka 2001 kwa kudai sehemu ya Antaktika. Polisi walisema alikuwa akiwaahidi watu kazi ng'ambo. Mtafuta kazi ambaye angeingiza jina hilo mtandaoni angelikuta, pamoja na bendera yake.

Kwa hivyo ukurasa wa mtandaoni hautoshi kuwa uthibitisho. Umoja wa Mataifa una wanachama 193, na orodha yao iko wazi kwa kila mtu. Kukosekana humo pekee hakumaanishi ulaghai, kwani Vatikani si mwanachama na inatambulika. Jina lisilokuwa kwenye orodha liulizwe Wizara ya Mambo ya Nje kabla ya kulipia viza au pasipoti yoyote.

Mkaazi anayeahidiwa kazi ng'ambo anaweza pia kuuliza Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA) iwapo wakala huyo amesajiliwa. Aulize kabla ya kutuma pesa, na asiache pasipoti yake halisi mikononi mwa wakala kabla ya kupata jibu.