Kinachoua Kamera za Video Dar es Salaam

Mkanda wa sendofu ya dada yangu una dakika ishirini hivi zilizoharibika. Ukumbi ulikuwa Mbagala, Machi 2007. Mpiga video alifika na gari lenye kiyoyozi, akatoa kamera kwenye begi na kuanza kushuti hapohapo. Dada anapomlisha mama keki, picha inakatika michirizi ya kulala: mmoja mzima, unaofuata umejaa vijisanduku, kisha mzima tena. Nimeihesabu. Ni kumi na miwili, na sita kati ya hiyo haionyeshi kitu.

Fundi alituambia hedi, yaani kichwa kinachoandika na kusoma mkanda, imekufa. Tukachangishana, tukalipa ibadilishwe, tukiamini sura ya mama itarudi. Haikurudi, na sasa najua kwamba isingeweza kurudi.

Kamera za kaseti ndogo za MiniDV ziliingia sokoni mwaka 1995, na kwa miaka mingi ndizo zilizorekodi harusi zetu kuanzia Tandika mpaka Tegeta. Ndani yake mna ngoma ya chuma inayong'aa, kipenyo chake milimita 21.7, ndogo kuliko kifuniko cha soda. Ngoma hiyo huzunguka mara 9,000 kwa dakika ikiwa imebeba hedi mbili zinazopokezana kuandika. Mkanda wenyewe unasogea polepole, chini ya sentimita mbili kwa sekunde, lakini hedi zinaupitia kwa mwendo wa kilomita 37 hivi kwa saa. Kila njia inayoandikwa ina upana wa sehemu kumi za milioni za mita, yaani mikroni 10 tu. Unywele mmoja wa kichwani unaweza kufunika njia saba.

Katika mfumo wa PAL tuliokuwa tukiutumia Tanzania, picha moja hugawanywa njia 12, na kila njia hubeba mchirizi mmoja wa picha. Hedi moja ikiziba, njia sita zinapotea. Ndiyo ile sita niliyoihesabu kwenye uso wa mama.

Kwa nini iliziba siku ile? Nakinyooshea kidole kiyoyozi cha gari. Mchana wa Machi hapa Dar, joto likiwa nyuzi 31 na unyevunyevu asilimia 70, kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 25 hivi kinatoka jasho, kama chupa ya maji iliyotoka kwenye friji. Kamera iliyopoa mpaka nyuzi 20 inapofunguliwa ukumbini, umande unatua hata kwenye ngoma. Mkanda uliopaswa kuteleza juu ya utando mwembamba wa hewa unaanza kunata, unachubuka, na unga wake unajaa kwenye hedi. Kamera nyingi zina kitambuzi cha umande kinachozizuia zisiendeshe mkanda, lakini umande kidogo unaweza kupita bila kuonekana. Dawa yake haina gharama: ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla hujaitoa kwenye ubaridi, umande utue juu ya mfuko, kisha subiri kama saa moja.

Kuna chumvi pia. Upepo wa bahari unabeba chembe zake mpaka majumbani Kunduchi, Msasani na Mtoni. Unyevunyevu ukifika asilimia 75 hivi, na usiku wetu mwingi unafika, chembe ya chumvi hunyonya maji hewani mpaka inayeyuka. Tone hilo likiwa juu ya waya mwembamba wa shaba, na betri imeachwa ndani, shaba inaliwa kidogo kidogo na kuota kutu ya kijani. Lenzi nayo huota kuvu ikifungiwa kabatini bila hewa, na kuvu ikishakula rangi ya juu ya kioo, hakuna kitambaa kitakachoirudisha.

Hata watengenezaji walishindwa na hali ya hewa ya namna hii. Oktoba 2005, Sony ilitangaza kwamba chipu zake za CCD, jicho linalopokea picha ndani ya kamera, zilikuwa na kasoro: kwenye joto na unyevunyevu, waya mdogo wa ndani uliweza kuachia. Picha iligeuka zambarau, ikapinda, au ikapotea kabisa. Canon, Nikon, Fujifilm na wengine walikuwa wamenunua chipu hizo, nao wakaahidi matengenezo ya bure, hata kwa kamera ambazo dhamana yake ilikuwa imekwisha. Mteja wa Manzese aliyeona zambarau kwenye kioo hakuwa na kosa lolote, wala fundi wake. Lakini bila kuipata habari ile angelipia kutoka mfukoni kitu alichostahili kufanyiwa bure. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Gharama ya fundi inapanda kwa sababu ngoma huuzwa nzima, na ikifungwa lazima ipangwe kwa vipimo vya mikroni. Spea mpya za kamera za kaseti ni adimu, kwa hiyo mafundi wengi hung'oa kwenye kamera mbovu nyingine. Siwalaumu kwa hilo. Ninalolaumu ni kubadilisha kifaa kabla ya kupima.

Kipimo chenyewe ni rahisi: chukua mkanda ulioharibika, ucheze kwenye kamera nyingine nzima. Picha ikitoka safi, mkanda ni mzima na kamera yako inahitaji kusafishwa kwanza. Michirizi ikibaki palepale, basi hedi ilikuwa imeziba wakati wa kurekodi, picha haikuandikwa, na hakuna spea itakayoileta. Sisi tulikifanya kipimo hiki miaka kumi baada ya kulipa. Michirizi sita ilikuwa palepale.

Kwa hiyo msomaji, kabla hujatoa hela mwombe fundi akufanyie kipimo hicho mbele yako, na akibadilisha kifaa, akurudishie cha zamani. Na kama kabatini kuna mikanda ya harusi au ya mzazi aliyefariki, tafuta mwenye kamera inayofanya kazi akuhamishie kwenye kompyuta mwaka huu. Kamera hizo zinapungua.