Jinsi Hume alivyomharibia Kant usingizi

HEBU fikiria uko kwenye klabu mnacheza pool. Unapiga mpira mweupe, unagonga mwekundu, mwekundu unaingia shimoni. Ukiulizwa ni nini kimeusukuma, utacheka. Si ni ule mweupe?

David Hume, mwanafalsafa wa Scotland aliyezaliwa 1711, hakuridhika na jibu hilo, na alitumia mfano uo huo wa mipira ya biliadi. Ulichoona ni mpira mmoja kusonga, kisha wa pili ukasonga. Ile 'lazima' iliyo kati yao hukuiona popote. Umezoea tu, na mazoea hayathibitishi kwamba kesho itakuwa hivyo hivyo. (Waulize ambao mkeka wao ulichanwa na timu iliyokuwa imeshinda mechi tano mfululizo.)

Kule Königsberg, Prussia, Immanuel Kant alikuwa amelelewa kwa fikra nyingine kabisa. Wafuasi wa Leibniz na Wolff waliamini kwamba akili peke yake, bila msaada wa macho wala masikio, inaweza kuthibitisha mambo ya Mungu na roho. Kant mwenyewe alikiri mwaka 1783 kuwa Hume ndiye aliyemzindua kutoka usingizi huo.

Lakini kulikuwa na shida. Tangu akiwa mwanafunzi, Kant alikuwa shabiki sugu wa Isaac Newton. Kama sababu na matokeo ni mazoea tu, sheria za Newton zitasimama wapi? Alipata uprofesa 1770, kisha akakaa karibu miaka kumi bila kuchapisha kitu cha maana. Vyuo vya leo vingemvumilia kweli?

Mnamo 1781 akatoa jibu, kitabu kinene ajabu. Akili zetu, alisema, ni kama fomu iliyochapishwa tayari. Chochote tunachoona au kusikia hujazwa humo, na 'sababu' ni mojawapo ya nafasi za fomu hiyo. Kwa hivyo Newton yuko salama.

Ila bei yake ni kali. Tunajua vitu jinsi vinavyotufikia sisi, si jinsi vilivyo vyenyewe. Na kuhusu Mungu au roho kuishi milele, macho na masikio hayatuletei chochote cha kujaza. Unaweza kuamini, lakini anayeapa kwamba ana ithibati na anayeapa kwamba amezibomoa ithibati zote na kuonyesha hakuna Mungu, wote wamevuka mpaka. Ule mjadala wa usiku wa manane kwenye grupu yenu, Kant angewanyima ushindi pande zote mbili.

Hume hakuwahi kukisoma kitabu hicho. Alifariki 1776.