Mtoto Aliyezaliwa na Utumbo Nje



Mtoto azaliwapo na utumbo ukiwa nje ya tumbo, watu humpokea kwa hofu, na wengine kwa minong'ono ya laana. Kisha mwenye huruma miongoni mwao hukimbilia maziwa, kwa kuwa mtoto analia. Huruma hiyo yaweza kumwua.

Kasoro hii ni ya namna mbili, wala haifai kuzichanganya. Katika ile iitwayo gastroskisisi, utumbo hutokeza kwenye tundu kando ya kitovu, kwa kawaida upande wa kulia, nao hauna kifuniko chochote. Umeelea katika maji ya uzazi hata ukavimba, na bado hauna nguvu ya kusukuma chakula. Mtoto akinyweshwa, maziwa hukwama, naye hutapika nyongo ya kijani. Katika omfaloseli, utumbo, pengine pamoja na ini, hutokeza kwenye kitovu chenyewe ukiwa ndani ya utando. Utando usipopasuka, wengi wa watoto hao huweza kunyonya mapema, baada ya daktari kuwapima, hasa moyo.

Yule wa kwanza ndiye mwenye safari ndefu. Hata utumbo ukisharudishwa ndani, huchukua siku nyingi, mara nyingi wiki kadhaa, kabla ya kuamka. Muda wote huo mtoto hulishwa kwa mshipa wa damu: sukari, protini, mafuta na chumvi. Njia hiyo ilithibitishwa Philadelphia, Marekani, katika miaka ya 1960. Katika hospitali nyingi za nchi zetu ingali adimu na ghali. Matokeo yake yanaonekana. Uchunguzi wa hospitali 264 katika nchi 74, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta kwamba katika nchi tajiri walikufa watoto 2 kati ya 139 wenye gastroskisisi. Katika nchi maskini kabisa walihesabiwa 10 tu, wakafa 9.

Lakini si kila kifo kinatokana na ukosefu wa dawa hiyo. Wengine hufika hospitali wamekwisha kupoa na kukaukiwa maji. Kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale hadi Hospitali ya Rufaa ya Mbarara ni safari ndefu. Kutoka Biharwe ni mwendo mfupi wa barabara ya Masaka. Askari mwenye gari akiombwa msaada, mtoto asipewe maziwa wala maji mdomoni. Utumbo ufunikwe kwa plastiki safi, usivutwe wala kusukumwa ndani. Mtoto alazwe kwa ubavu wa kulia, afunikwe vizuri asipate baridi. Zahanati ikiwa karibu na ina mhudumu, awekewe dripu ya sukari kabla ya kuondoka, mradi safari isicheleweshwe.

Naye mama asiachwe nyumbani. Akamue maziwa kila baada ya saa tatu hivi, usiku na mchana, yasije yakakauka. Siku ambayo mpira uliopitishwa puani hadi tumboni utaacha kutoa maji ya kijani, na mtoto akapata choo, madaktari wataanza kumpa maziwa hayo hayo ya mama, mililita moja moja.