Fungu la Sambaza na Mshahara Wetu

Ndugu wafanyakazi, samaki wadogo waitwao sambaza waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959. Huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti sana, samaki huadimika, na bei ya mwaloni hupanda.

Mama mkaangaji wa Gisenyi hapandishi bei yake. Anajua sarafu ya kibarua haiongezeki mpaka siku ya mshahara; basi hupunguza samaki katika fungu. Wasiokaangwa huwaanika juani wasioze. Huhesabu mafuta na makaa, lakini jasho lake mara nyingi halihesabu.

Tujifunze hapa. Mwezi ukififia na fungu lisirudi ukubwa wake, basi mshahara wetu ndio uliopungua, ingawa tarakimu hazikubadilika. Tukienda kujadiliana na mwajiri tuhesabu mafungu, si noti tu.